Intaneti inakufa kila jioni: faiawoli, mtoa huduma au Cloudflare?

Kijana wa Nyegezi: Wakuu, habari za jioni. Nina gesti hapa Nyegezi, Mwanza, faiba ya megabiti 20 kwa sekunde, ruta ni ya kampuni ya MikroTik. Giza likiingia tu intaneti inakufa, wageni wanagonga mlango wa mapokezi, na tovuti ya kubuku vyumba iliyo kwenye seva ya ofisini haifunguki. Fundi anasema tunashambuliwa, yaani kuna mtu anaturushia trafiki ya uongo, ninunue faiawoli, kifaa cha kuichuja. Bei yake ni ya kuuza kiwanja Kisesa. Mnanishauri nini: faiawoli, nimwachie mtoa huduma wa intaneti, au Cloudflare, ile kampuni inayokaa mbele ya tovuti kuikinga?

FundiWaya: Nunua mkuu. Faiawoli nzuri inatupa maombi ya uongo kabla seva haijaelemewa. MikroTik ndogo prosesa inagonga 100% mara moja.

Mama Ruta: Hiyo inasaidia tu kama laini haijajaa. Ukirushiwa megabiti 500 kwenye laini ya 20, ni kuweka mlinzi hodari getini wakati foleni imeziba Barabara ya Kenyatta yote. GitHub, tovuti ya waandika programu, walipopigwa Februari 2018, terabiti 1.35 kwa sekunde, trafiki ilipelekwa kampuni ya Akamai ikachujwe huko. Wa kuzuia mbali ni mtoa huduma. Ila muulize mapema anazuiaje, maana wengi wanaizima anwani yako ya IP nzima, ile namba ya laini yako kwenye intaneti. Shambulio linakatika, nawe unakatika nalo.

Mwaloni_Net: Mbona hamjamuuliza trafiki inaelekea wapi? Mdogo wangu, ikifa tena fungua Winbox, programu ya kusimamia MikroTik, weka Torch, kipimo chake cha trafiki, kwenye poti ya faiba. Rx (inayoingia) ikijaa trafiki ambayo wageni hawakuiomba, huenda unapigwa. Tx (inayotoka) ikijaa na unaona UDP 53 mfululizo, yaani poti ya DNS, ruta yako ndiyo inatumika kupiga watu wengine.

Kijana wa Nyegezi: Kaka, nimeangalia sasa hivi. Tx imejaa, 53 tupu, anwani za nje nisizozijua.

Mwaloni_Net: Basi kiwanja usiuze. Ruta inajibu maswali ya DNS, yale ya kutafuta IP ya jina la tovuti, ya dunia nzima. Mtu anatuma swali dogo kwa anwani ya kughushi, jibu kubwa linamwangukia mwenye anwani hiyo. Funga poti 53 upande wa faiba, UDP na TCP. Upande wa ndani iache, la sivyo wageni hawafungui tovuti hata moja. Kisha sasisha RouterOS, mfumo wa ruta, na badili nywila ya admin. Maswali yataendelea kuja kwa muda, ila ni madogo, hayajazi laini.

FundiWaya: Hapo nimekubali. Kwa hiyo Cloudflare haina kazi?

Mama Ruta: Kwa tovuti inayo, hata mpango wa bure una kinga. WiFi ya wageni haikingi. Ukihamia Cloudflare, omba IP mpya kwa mtoa huduma, maana ya zamani inajulikana na mtu ataipiga moja kwa moja.

Kijana wa Nyegezi: Barua pepe nayo iko kwenye seva hiyohiyo, dada.

Mama Ruta: Ihamishe kwanza. La sivyo rekodi ya MX, ile ya DNS inayotangaza seva ya barua pepe ilipo, itaianika IP mpya siku hiyohiyo.