Nyegezi hadi mjini kila siku: ninunue gari dogo, baiskeli, au niendelee na daladala?

Mkazi wa Nyegezi

Ndugu zangu wa Mwanza, naomba ushauri wa wale wanaopita Barabara ya Kenyatta kila siku. Ninaishi Nyegezi na kazi yangu iko katikati ya mji, mwendo wa kilomita kama 10, na kwa miaka minne nimekuwa nikipanda daladala. Asubuhi sina malalamiko, kwa kuwa magari huanzia karibu na kwangu na kiti hupatikana. Shida yangu ni jioni, ambapo mara nyingi daladala hukatisha ruti, konda akatangaza pale Mkuyuni kwamba mwisho wa gari ni hapo, nasi tukashuka na kutafuta nauli nyingine. Nimeweka akiba inayotosha gari dogo lililotumika, la cc 1,000. Mke wangu anataka fedha hiyo iezeke nyumba, na mdogo wangu, ambaye ni mtu wa baiskeli, ananicheka kwamba nitakuwa nasukuma karibu tani nzima ya chuma ili kumbeba mtu mmoja na kontena lake la chakula. Ninyi wenzangu mnasafirije?

Wa Bugarika juu

Nilimiliki gari kama hilo kwa miaka miwili, kisha nikaliuza. Ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo anayetembea zaidi ndiye anayelipa zaidi, jambo ambalo mimi naliona la haki. Piga hesabu yako: kilomita 20 kwa siku, siku 26 za kazi, ni kilomita 520 kwa mwezi, kwenye foleni za mjini, ukipata kilomita 12 kwa lita moja, utachoma lita 43, ambazo utazizidisha kwa bei kikomo inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bado hujagusa bima, matairi wala shokapu, na njia zetu za mitaani humaliza shokapu mapema.

Kilichonivunja moyo zaidi ni mlima. Kwangu hakuna gari linalofika. Nililipa mlinzi wa chini barabarani ili gari lilale kwake, nami nikapanda ngazi za mawe usiku nikiwa na funguo mkononi kama mtu aliyepotelewa na mlango. Hata hivyo, sitalisema vibaya kabisa: mama alipougua saa nane za usiku, tulimteremsha kwa kiti hadi chini, na gari ndilo lililotufikisha hospitali.

Mzee wa baiskeli, Mkolani

Mwanangu, mdogo wako ana hoja, ila asikudanganye kwamba ni mchezo. Ukienda mwendo wa kilomita 15 kwa saa utatumia dakika 40, muda ambao hautabadilika sana iwe kuna foleni au hakuna, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko hata nauli ninayookoa. Usinunue baiskeli nzito ya mizigo isiyo na gia kwa sababu tu ni imara, kwani kila kipando kitakushusha utembee. Hatari kubwa haiko katikati ya barabara bali vituoni, ambapo daladala huchepuka ghafla kushoto kumfuata abiria mmoja, na bodaboda nazo hupita katika upenyo uleule uliokuwa unautegemea wewe. Jua letu huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, hivyo taa ya nyuma ni ya lazima, si pambo. Mvua za vuli zikianza, mimi hupanda daladala bila aibu.

Mama wa Igoma

Shikamoo mzee. Ushauri wako ni mzuri kwa mtu anayesafiri peke yake. Mimi asubuhi nina watoto wawili wa shule, na jioni nina kapu la sokoni. Baiskeli itanibebea kipi, nikiache kipi? Watoto wenyewe huachwa kituoni kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo, na konda hujifanya hawaoni. Kuhusu kukatisha ruti, hilo ni kosa dhidi ya masharti ya leseni ya usafirishaji. Andika namba ya gari na saa, kisha upeleke LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, badala ya kununua gari kwa hasira za konda.

Mkazi wa Nyegezi

Ahsanteni nyote, na shikamoo mzee wangu. Jumapili niliazima baiskeli ya mdogo wangu nikaenda hadi mjini na kurudi. Kwenda nilitumia dakika 52, mnyororo ulichomoka mara moja karibu na Igogo, na nilipokuwa nimeinama kuurudisha, mikono ikiwa imejaa grisi, alinipita mtu mwenye magunia mawili ya mkaa kwenye karia, akanisalimia bila kupunguza mwendo. Akiba nimemwachia mke wangu anunue mabati. Nitajaribu baiskeli siku tatu kwa wiki, na siku nyingine nitapanda daladala nikiwa na kalamu mfukoni. Sasa naomba mzee anieleze: fundi anaweza kufunga gia kwenye fremu ya zamani, au ni lazima nitafute baiskeli nyingine?

Mzee wa baiskeli, Mkolani

Anaweza, lakini ni lazima abadilishe ringi la nyuma na aipanue fremu kidogo, na ukijumlisha spea na ufundi utakuta umekaribia bei ya baiskeli ya mtumba yenye gia zake. Tafuta ya mtumba. Kabla ya kulipa, igeuze juu chini, uzungushe tairi la nyuma na usikilize.