Sensei kajitoa chama kaanzisha staili yake, mkanda wangu bado una maana?

Kahawia_wa_Mbagala:
Habari za saa hizi wakuu. Naombeni mawazo hasa nyie wazee wa dojo (ukumbi wa mazoezi), maana hapa nilipo kichwa kinaniuma.

Nacheza karate ya Goju-ryu mwaka wa 9 huu, niko mkanda wa kahawia, Disemba nilikuwa niingie mtihani wa shodan, yaani mkanda mweusi wa kwanza. Mwezi uliopita sensei katukalisha chini baada ya mazoezi, pale pale kwenye ukumbi wa shule tunaokodi, akasema kuanzia leo sisi hatuko tena chini ya chama, kagombana na viongozi mambo ya ada na mambo ya nani apelekwe semina nje, kwa hiyo kaanzisha staili yake mwenyewe. Ina jina la Kijapani refu ambalo hakuna kati yetu anayeweza kulitamka mara mbili likafanana, ina nembo ya simba kashika ngumi, na yeye tuliyemjua dani (ngazi ya mkanda mweusi) ya 4 sasa kwenye bango ameandikwa dani ya 8. Tununue na beji mpya ya kifuani, 15,000. Kata (ile mipangilio ya mapigo ya kukariri) ni zile zile ila ile ya Saifa kaigeuza pale mwishoni halafu kaongeza moja aliyotunga yeye.

Chama nao wametuma ujumbe kwenye grupu kwamba atakayebaki naye mkanda wake hautambuliki. Miaka 9 ya kuamka saa 11 alfajiri jamani. Lakini huyu mtu ndiye aliyenifundisha kusimama mkao wa sanchin, alinipiga mabega mpaka nikaelewa. Nimfuate au nirudi chama? Na hivi inaruhusiwa kabisa mtu kuamka tu asubuhi akaanzisha staili?

mtu_wa_ukemi:
Dani ya 4 mpaka ya 8 ndani ya mwezi mmoja, hata daladala za Gongo la Mboto hazikimbii hivyo 😂😂 nakaa hapa nisubiri wajuzi

Mzee_wa_Bandari:
Mleta mada pole ila usidhani haya yameanzia Mbagala. Mi nimevaa gi (nguo ya karate) tangu kijana, nimeona chama kimoja kikizaa vinne, na hata wale tunaoinamia picha zao ukutani walipita humo humo.

Chukua hiyo Goju yako. Mwanzilishi wake Miyagi Chojun alifariki Oktoba 1953 na hakuacha mrithi aliyemtangaza wazi. Kilichofuata, Miyazato Eiichi akafungua Jundokan, Yagi Meitoku ana Meibukan, Toguchi Seikichi ana Shoreikan, na huko Japani bara Yamaguchi Gogen alishakuwa na Goju-kai yake. Mwaka 1979 Higaonna Morio naye akasimamisha shirikisho lake la kimataifa, IOGKF. Mti mmoja huo! Leo waweke wapige kata ya Seiyunchin pamoja, mkono wa huyu uko juu kidogo wa yule uko chini kidogo, basi watu wazima wanakaribia kuzichapa kweli kweli kwa ajili ya inchi mbili. Hapa kwetu pia, Goju ya Dar mizizi yake ni Sensei Bomani, Mmarekani mweusi, miaka ya 70, we kahesabu watoto na wajukuu wa mti ule wako kwenye vyama vingapi sasa hivi.

Staili ya Shotokan ndo usiseme. Mwalimu wao mkuu Funakoshi kafariki 26 Aprili 1957, ugomvi ukaanzia kwenye mazishi yenyewe, nani ayasimamie, JKA (chama cha karate cha Japani) wakasusa. Kususia maziko ya mwalimu wako! Huku Tanga mtaa mzima ungekutenga, hata ukifiwa hakuna wa kukuchimbia. Mkuu wa JKA, Nakayama, alivyokufa 1987 JKA ikapasuka, kila upande unasema sisi ndio JKA yenyewe, kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Japani ikaisha 1999, upande wa Nakahara ukashinda na Asai akaenda kuanza upya kivyake. Oyama, mwanzilishi wa staili ya Kyokushin, naye kafa tarehe ile ile, 26 Aprili, mwaka 1994, kuna wosia ukatoka unamtaja Matsui ndo mrithi, familia ikaupinga mahakamani na mahakama ikaukataa. Kyokushin ziko ngapi leo mi nimeshaacha kuhesabu.

Sasa angalia kesi zote hizo, hakuna hata moja waliyogombania ngumi ipigwe vipi. Waligombania muhuri. Nani anasaini cheti cha dani, maana kila cheti kina ada na hiyo ada inapanda ngazi kwa ngazi mpaka makao makuu. Sensei wako kachoka kuipandisha ada juu, kaamua ngazi iishie kwake. Chama nacho kinakutishia kwa sababu hiyo hiyo.

dada_wa_shito:
Mzee wa Bandari shikamoo. Umesema kweli ila umemwacha mtoto wa watu na hofu kama vile kuanzisha staili ni dhambi, wakati hizi tunazoziita za jadi zote ni za juzi tu.

Itosu, mwalimu wa zamani wa Okinawa, alitunga kata za Pinan mwanzoni mwa miaka ya 1900 kwa ajili ya watoto wa shule. Mabuni akachukua ya Itosu na ya Higaonna Kanryo (si yule Morio) akaziweka pamoja, hata hilo jina Shito ni herufi za majina ya hao walimu wake wawili. Ohtsuka alikuwa mwanafunzi wa Funakoshi, akachanganya na jujutsu yake ikawa Wado. Funakoshi mwenyewe hakusema mimi naanzisha Shotokan, Shoto lilikuwa jina alilosainia mashairi, wanafunzi ndo wakaliandika kwenye dojo.

Na kwenu Goju ndo hadithi tamu kuliko zote. Mwaka 1930 mwanafunzi wa Miyagi, Shinzato, alienda kuonyesha Tokyo, akaulizwa we staili yako inaitwaje, akababaika maana haikuwa na jina! Ilikuwa karate tu. Akarudi nyumbani akamwambia mwalimu, ndo Miyagi akaenda kutafuta neno kwenye Bubishi, kitabu cha zamani cha mapigano, ile sehemu ya kuvuta na kutoa pumzi, ngumu na laini. 1933 likasajiliwa kwa wakubwa wa Butoku Kai, chama cha sanaa za mapigano cha Japani. Kwa hiyo hilo jina unalolilia lilizaliwa kwa sababu mtu aliulizwa swali akakosa jibu 😅 Na kata za Gekisai unazofundisha wenye mikanda myeupe Miyagi alizitunga yeye, kwenye 1940 hivi, ili watu wengi zaidi waweze kuanza.

Kwa hiyo mi nisingeuliza anaruhusiwa au haruhusiwi. Muulize hiyo kata yake mpya inafundisha nini ambacho Saifa ya zamani haikufundisha. Akikusimamisha akakuonyesha, akakushika mkono, ukaanguka ukaelewa kwa nini umeanguka, huyo ni mwalimu hata kama beji yake ina simba. Akianza kukwambia utaelewa ukifika dani, hapo kuna shida.

Mzee_wa_Bandari:
Marahaba dada. Hapo nimekukubali. Ila Miyagi hakujipa dani ya 8 kwenye bango.

Nrb_dolyo:
Sisi watu wa taekwondo huwa tunawaangalia tukicheka tu, nyinyi mnapigana vyama, sisi tulipigana nchi. Jenerali Choi wa Korea alianzisha shirikisho la kimataifa la taekwondo, ITF, 1966 Seoul, akakosana na serikali, 1972 akahamia Kanada na shirikisho lake, mwaka uliofuata Seoul wakaunda lao, hiyo ndiyo ilienda Olimpiki. Choi akapeleka taekwondo mpaka Korea Kaskazini na ndiko alikofia 2002, Pyongyang. Alipokufa tu ITF ikawa tatu, na zote zinajiita ITF.

Sasa nikwambie ilivyonipata mimi. Nilikuwa na mkanda mweusi wa ITF, kazi ikanihamisha mji mwingine, huko kulikuwa na klabu moja pekee na ni ya wale wengine. Mwalimu akaangalia cheti changu akasema hiki hapa ni karatasi, vaa mweupe. Nilivaa. Miezi 8 nimepanga mstari na watoto wa darasa la 4, kuna mmoja alikuwa ananifunga mkanda upya kila Jumamosi juu aliona siujui kuufunga. Mateke lakini hakuna aliyenivua.

kumite_tu:
Historia nzuri ila mleta mada anatakiwa aambiwe na mambo ya vitendo. Unashindana au hushindani? Kama unashindana kaa na chama, sipendi kusema hivyo ila ndo hali. Kwa WKF, shirikisho la karate la dunia, kata ya mashindano lazima itoke kwenye orodha yao. Hiyo aliyotunga sensei ukiipiga ulingoni umetolewa, iwe nzuri iwe mbaya. Na hata hao wakubwa wenyewe wameonjeshwa, karate iliingia Olimpiki ya Tokyo 2020 (ikachezwa 2021) halafu Paris ikaachwa. Tulipigana miaka mingi nani aongoze msafara, msafara ulipofika umesimama kituo kimoja.

Kama hushindani basi fuata mwalimu, ila fanya shodan kwanza. Disemba si mbali.

Kahawia_wa_Mbagala:
Wakuu asanteni sana, nimerudi na mrejesho. Jana nilibaki baada ya mazoezi nikamuuliza kama dada_wa_shito alivyosema. Ile kata ya kwake kaniendesha nusu saa nzima, na kusema ukweli pale kati kuna kitu, anakuingia kwa pembeni halafu anakuvunja mkao kabla hujarusha mkono, nimeanguka mara 3 na mara ya 3 nilikuwa nimejiandaa. Alisema kaipata kwa sababu goti lake bovu halimruhusu kuingia moja kwa moja kama zamani. Nilimheshimu zaidi nikisikia hivyo.

Halafu nikamuuliza na ile nyingine, sensei, dani ya 8 nani alisaini. Akasema bodi. Nikauliza bodi ni kina nani. Bodi ni yeye, shemeji yake, na mhasibu wa ile shule tunayokodi ukumbi. Hapo alicheka yeye mwenyewe kidogo halafu akaenda kuzima taa.

Nimeamua hivi, Disemba naenda mtihani wa chama, nimemwambia usoni na hajakasirika sana, Jumanne na Alhamisi nitaendelea kuja kwake. Beji nimenunua ila sijaishona.

mtu_wa_ukemi:
Na huyo shemeji ana dani ngapi?

Kahawia_wa_Mbagala:
Ya 3. Gekisai nilimfundisha mimi mwaka jana.