Banda la kupumzikia uani: makuti, bati au neti ya kivuli?

BabaTunu
Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Nakusudia kujenga banda la kupumzikia nyuma ya nyumba kabla ya masika kuanza, nikisaidiwa na mwanangu wa kwanza ambaye yuko likizo na ambaye, kwa bahati njema, anapenda msumeno kuliko simu. Kwa upande wa paa nimebakiwa na machaguo matatu: makuti, bati la rangi, au neti ya kivuli. Nguzo nazo sijaziamua, kwani nimetajiwa mikoko, mikaratusi yenye dawa na skwea paipu, yaani bomba la chuma la pembe nne. Mama watoto anataka makuti, mimi naelekea kwenye bati. Naomba ushauri wenu kuhusu kilicho bora zaidi, kwa sababu Jumamosi nakwenda kununua vifaa.

Fundi_Mstaafu
Ndugu BabaTunu, kwa maelezo haya hakuna atakayekushauri jambo la maana. Banda lina urefu na upana gani? Uko umbali gani kutoka baharini? Ardhi ni mchanga au mfinyanzi? Nyumba ni yako au umepanga? Mtakaa tu humo au mtapikia pia? Jibu kwanza, ndipo tuzungumze habari ya Jumamosi.

Bi_Mbweni
Mimi nitajibu kabla hajaeleza, kwa kuwa kwangu jibu halibadiliki: makuti. Saa nane mchana mwezi wa Februari, kaa chini ya bati lisilo na dari, kisha uhamie chini ya makuti, utaelewa kwa nini wazee wa pwani hawakuhitaji feni. Hewa ya moto hupenya juu kupitia kwenye makuti yenyewe, na mvua ikinyesha mnaendelea kuzungumza bila kupigiana kelele. Kinachoyaharibia sifa hapa mjini ni mafundi wanaoyapanga kwa kuyaachanisha ili wapunguze idadi, na wanaolaza paa kupita kiasi. Makuti yanahitaji mwinamo mkali, usiopungua sana nyuzi 45, ili maji yateleze upesi na yasipate muda wa kuozesha majani.

Tenki_Limejaa
Dada yangu Bi_Mbweni amesema kweli kuhusu ubaridi, lakini ameacha jambo la maji. Paa la bati lenye eneo la mita za mraba 20 hupokea lita 200 kwa kila milimita 10 za mvua. Weka mfereji na bomba, na mvua ya milimita 50 inajaza tenki la lita 1000, ukiondoa kidogo kinachopotea. Masika yetu huchukua Machi hadi Mei, na vuli hurudi Oktoba hadi Desemba, hivyo bustani na usafi wa ua havitegemei tena mgawo wa bomba. Maji ya makuti hutoka na rangi ya chai pamoja na vumbi la majani. Nunua geji 28, usikubali kuuziwa geji 30 kwa maneno matamu, kwani kadiri namba inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba.

BabaTunu
Ahsanteni, na samahani kwa kutoeleza. Ukubwa ni mita 4 kwa 5. Nyumba ni yangu, ipo Kigamboni, ardhi ni mchanga mtupu, na bahari haiko mbali. Upepo ukivuma tunausikia ukija na chumvi yake.

Fundi_Mstaafu
Sasa tuna pa kuanzia. Kwa upana wa mita 4, paa la makuti la pande mbili lenye mwinamo wa nyuzi 45 litapanda mita 2 juu ya mwamba wa pembeni, yaani boriti inayolazwa juu ya nguzo. Ukiweka mwamba huo kwenye mita 2.2, kilele kitafika mita 4.2, yaani juu kabisa ya ukuta wa ua wako, na kusi ikianza kuvuma kati ya Aprili na Mei itakutana nacho bila kizuizi. Bati la mteremko mmoja wa nyuzi 15 hupanda takriban mita 1 tu kwa upana huohuo. Sisemi kwamba makuti hayafai. Nasema kwamba uchague paa ukijua kimo chake, maana watu wengi hununua kwanza kisha hushangaa.

Mpenda_Neti
Naona neti inasahauliwa. Kwa mtu anayetaka kivuli tu, neti nzuri iliyotengenezwa kustahimili jua hufungwa kwa siku moja na kufunguliwa masika yanapokaribia. Mtoto anayejifunza kazi ataimaliza mwenyewe. Nguzo hazibebi uzito wowote.

Fundi_Mstaafu
Hazibebi uzito, lakini zinavutwa. Neti iliyokazwa hushika upepo kama tanga, na kwenye mchanga wa Kigamboni nguzo zisizozikwa vizuri zitaegemea ndani kabla hata mwezi mmoja haujaisha. Neti ni rahisi kwa paa, si kwa nguzo.

MamaPacha_Kgb
Naomba nieleze kilichotupata sisi, kwa sababu kila mtu huiona skwea paipu kuwa ndiyo njia ya uhakika. Tunaishi Kigamboni pia, upande ambao usiku mawimbi yanasikika hadi chumbani. Tulimpa kazi fundi wa kuchomelea, ambaye sitamtaja, akatujengea banda la bati juu ya nguzo nne za paipu, akalipaka rangi nyeusi inayong'aa, na kila mgeni aliyeingia alilisifu. Hakuziba vichwa vya nguzo, akidai kwamba bati litavifunika. Tulipomuuliza kuhusu rangi ya kuzuia kutu alijibu kwamba ameshaipaka, na kwa kuwa nyeusi ilikuwa tayari juu, hatukuwa na njia ya kuthibitisha. Hewa ya chumvi na maji ya mvua viliingia kwa juu, maji yakashuka ndani ya paipu hadi chini, na kwa sababu nguzo zilizikwa moja kwa moja kwenye zege, hayakuwa na pa kutokea. Kutu ikala chuma kutoka ndani. Kwa nje rangi ilibaki nzima, isipokuwa malengelenge madogo karibu na sakafu ambayo hakuna aliyeyajali. Jioni moja shemeji yangu, mtu wa umbo la kawaida kabisa, aliegemea nguzo ya kona akivaa viatu, nayo ikakatika usawa wa sakafu. Paa halikuanguka lote, lakini liliinama upande mmoja huku watoto wakiwa wameketi mkekani chini yake. Tukazigonga nguzo zilizobaki kwa nyundo, mbili zikatoboka. Fundi alipopigiwa simu alisema kwamba bahari haikuwa kwenye makubaliano yetu. Kwa hiyo, ndugu yangu BabaTunu, mtu asikudanganye kwamba chuma ni chuma.

Fundi_Mstaafu
Pole sana, MamaPacha. Hata hivyo, hapo paipu imeonewa. Nguzo ya chuma huchomelewa bamba chini, bamba hilo likafungwa kwa bolti juu ya zege badala ya kuzikwa ndani yake. Kichwa huzibwa kabisa. Na rangi ya kuzuia kutu hupakwa mbele ya macho ya mwenye mali, kabla ya rangi ya urembo kuletwa.

Mwana_wa_Pwani
Ndiyo sababu nasema mikoko. Boriti za mikoko zimebeba nyumba za mwambao kwa karne nyingi, mchwa huzipita, chumvi ndiyo makazi yake ya kuzaliwa. Boriti, fito, kamba za usumba na makuti: hivyo vinne havihitaji mchomeleaji wala msumari mwingi.

Msitu_Kwanza
Mkuu, sifa za mikoko hazina ubishi, ila upatikanaji wake ndio tatizo. Misitu ya mikoko ni hifadhi, na uvunaji wake unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Mzigo unaouzwa usiku bila karatasi unaweza kumtia mnunuzi matatani. Zaidi ya hapo, mtu anayeishi ufukweni anapaswa kuwa wa mwisho kukata mti unaoshikilia ufukwe wenyewe. Nguzo za mikaratusi zenye dawa na misindano ya Mufindi zinapatikana kihalali na kwa wingi.

Mwana_wa_Pwani
Sikumwambia akakate, nilimwambia anunue. Na vibali vipo kwa anayevitafuta. Mkaratusi wa kawaida bila dawa, mchwa wa Dar es Salaam hawauachi umalize mwaka.

Bi_Mbweni
Kuna wanaozipaka nguzo oili chafu sehemu inayoingia ardhini. Mume wangu hufanya hivyo kwenye uzio.

Msitu_Kwanza
Kwenye uzio wa shamba huenda ikavumilika, lakini si mahali ambapo watoto watacheza na mchanga. Na kuhusu nguzo zenye dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi mara nyingi zimetiwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Marekani iliacha kuutumia kwa mbao nyingi za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Zikishakauka zinafaa kwa nguzo, ila vipande vinavyobaki visichomwe kabisa, hasa kwenye jiko la nyama, na vumbi la msumeno likusanywe. Kijana avae barakoa na glavu anapokata.

Tenki_Limejaa
Tumesahau chaguo la nne, ambalo ni mti. Mkungu hutanda matawi yake kwa tabaka, hustahimili chumvi na mchanga, na wala hauhitaji geji.

Mpenda_Neti
Mkungu humwaga majani mengi, atafagia hadi achoke. Mwarobaini ni bora. Akipanda leo, afunge neti kwa miaka ya mwanzo huku akisubiri kivuli cha kweli.

Bi_Mbweni
Mwarobaini hukua haraka, hilo nakubali, ila usiupande karibu na karo la maji machafu, mizizi yake hutafuta unyevu popote ulipo.

BabaTunu
Nashukuru kwa michango yote. Niongeze jambo ambalo sikulitaja: wanangu wadogo wameahidiwa bembea, nami nilikusudia kuining'iniza kwenye mwamba wa banda. Vilevile Jumapili huwa tunachoma nyama, kwa hiyo jiko la mkaa litakaa humo.

Fundi_Mstaafu
Ndugu yangu, hayo ndiyo yalipaswa kuwa maneno yako ya kwanza. Bembea huvuta mwamba mbele na nyuma, si chini tu, na nguzo nne zisizo na mihimili ya mshazari kwenye kona hazikuundwa kwa kazi hiyo. Ijengee bembea fremu yake yenyewe, miguu miwili kila upande iliyotanuka, mbali na banda. Hiyo ndiyo kazi nzuri ya kumfundishia kijana, kwani ataipima, ataikata na ataiona ikibeba uzito.

MamaPacha_Kgb
Na jiko la mkaa chini ya makuti, hapana. Cheche moja inatosha.

Bi_Mbweni
Wanaopikia chini ya makuti ni wengi tu hapa pwani, na mabanda yao yamesimama. Muhimu ni kimo cha paa na mahali pa jiko.

MamaPacha_Kgb
Dada, yanasimama mpaka siku ambayo hayasimami. Mwenzetu atakuwa na paa linaloshuka hadi mita 2.2 pembeni na upepo wa bahari mchana kutwa.

BabaTunu
Basi Jumamosi nitanunua saruji na nguzo za fremu ya bembea peke yake, na paa litasubiri. Fundi, kwa mchanga kama huu nichimbe kina gani?

Fundi_Mstaafu
Usipungue sentimita 60, na ukiweza fika 80. Weka kokoto chini ya nguzo kabla ya zege ili maji yapate pa kupita, na sehemu ya juu ya zege iteremke kutoka kwenye nguzo isije ikageuka kikombe. Kabla hujachimba, tuambie pia upepo wa jioni unatoka upande gani wa ua wako, maana huo ndio utakaoamua jiko liwekwe wapi, paa liwe la nini liwalo.

Bi_Mbweni
Na umuulize mama watoto pia. Yeye tangu mwanzo alisema makuti.