Mashine ya maji ya laki sita na nusu, na bado nabeba madumu kutoka Marangu. Naombeni ushauri

MamaWawili_UsaRiver

Wakuu habari za Jumapili. Mambo yangu yamefungamana, nivumilieni niyamwage yote kwa pamoja.

Tunakaa Usa River, maji ya bomba tunanunua kwa jirani mwenye kisima. Kifunguamimba wangu ana miaka 9 na meno yake ya mbele yametoka na madoa ya kahawia, yale yale ya floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ya huku kwetu Arusha. Mdogo wake ana mwaka na nusu, meno ndiyo yanachomoza. Huyu sitaki yamkute.

Sasa baba watoto akakutana na kijana anayeuza mashine za kuchuja maji, akamkaribisha nyumbani. Kijana akaomba glasi mbili. Moja akakinga maji yetu ya bomba, nyingine akamimina maji ya kwenye chupa aliyokuja nayo, akasema hayo ndiyo yaliyopita kwenye mashine. Akatumbukiza kifaa chenye vijiti vya chuma, akachomeka kwenye umeme. Muda si mrefu maji yetu yakaanza kutoa utandu wa kijani, ukageuka kahawia, matope yakaelea juu. Glasi yake ikabaki nyeupe pe. Mama mkwe alikuwepo, akashika kichwa: "Ndicho mnachowanywesha wajukuu zangu?" Hapo biashara ikawa imekwisha. Laki sita na nusu, nusu mkononi na nusu kwa awamu.

Mashine ipo ukutani jikoni, ina mitungi mitatu na taa ya bluu. Maji yake matamu, sikatai. Ila roho yangu haikutulia, kwa hiyo kila tukienda Marangu kwa wazazi wangu narudi na maji ya chemchemi kwa ajili ya mdogo. Safari hii tulipakia madumu kumi ya lita 20 nyuma ya Noah. Pale Kwa Sadala gari likaruka tuta, dumu moja lililokuwa la mafuta ya kula likaachia kifuniko, sisi hatuna habari. Tumekaribia njia panda ya KIA ndipo mkubwa akaamka: "Mama, soksi zangu zimelowa." Zulia lote chepechepe, tableti yake ya masomo iliyokuwa chini ya kiti imezima.

Baba watoto hakusema neno mpaka Kikatiti. Halafu akauliza kwa upole, ule upole wa hatari, kwa nini tunabeba maji ya kunywa kutoka mkoa mwingine na nyumbani kuna mashine ambayo bado tunalipia.

Hebu nisaidieni. Mashine hii inaondoa floraidi au haiondoi? Kama haiondoi, nifanye nini zaidi ya madumu? Na gari limeanza kunuka, nalo nilifanyeje?

Kijana_Sakina

Pole sana dada, ila hapo kwenye soksi nimecheka peke yangu kwenye daladala. Tableti ifukie kwenye mchele. Meno ya dogo sugua mkaa uliosagwa na ndimu, mwezi mmoja tu yanakuwa meupe.

Mwl_Kemia_Mstaafu

Mama, pole. Nianze na hizo glasi, maana huo mchezo nimeuona mpaka kwenye ukumbi wa kanisa.

Maji ya ardhini yana madini yaliyoyeyuka, kwa hiyo yanapitisha umeme. Ukitia vijiti vya chuma na umeme, chuma chenyewe kinaliwa na kugeuka kutu. Yale matope mliyoyaona yametoka kwenye vijiti, kwenye maji hayakuwemo. Maji yake ya chupa hayakubadilika kwa sababu yameondolewa karibu madini yote, umeme haupiti. Angetia chumvi kidogo kwenye glasi yake, nayo ingechafuka vilevile mbele ya macho ya mama mkwe.

Sasa jiulize: kwa nini alikuja na maji kwenye chupa? Siku akirudi kufanya huduma ya mashine, mwombe arudie kwa maji yanayotoka kwenye mashine yenu, mbele ya baba watoto. Usimgombeze, mwombe tu.

Ila angalia na upande wa pili: yakigeuka kahawia hiyo haithibitishi kwamba yana floraidi, na yasipogeuka siyo cheti cha usalama. Floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa kiwango cha huku kwetu hutaisikia mdomoni. Inapimwa maabara. Chukua chupa safi ya plastiki, jaza maji ya kisima, nyingine maji ya mashine, peleka maabara ya maji upime zote mbili. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huku kwetu kwa miaka mingi tuliruhusiwa mpaka 4, kwa kuwa maji mbadala yalikuwa shida.

FundiBomba_Ngaramtoni

Mwalimu kamaliza nadharia, mimi nakupa kipimo cha macho. Dada, chungulia chini ya mashine. Kuna mpira mwembamba unaotupa maji kwenye sinki au nje? Zile mashine mafundi tunaziita RO, zinazosukuma maji kupitia utando mwembamba sana, ndizo zinazopunguza floraidi kweli, na lazima ziwe na bomba la kumwaga maji machafu. Nyingi za nyumbani zinamwaga mengi kuliko yanayobaki. Kama yako haimwagi chochote, hiyo siyo RO.

Mitungi mitatu ya kawaida huwa ni pamba ya kuzuia mchanga, mkaa wa kuondoa harufu, na kauri. Taa ya bluu inaua vijidudu. Vyote vina kazi yake, ila floraidi inapita hapo bila hodi.

MamaWawili_UsaRiver

Fundi, nimeinama na tochi ya simu nikachungulia. Bomba la kuingiza, bomba la kutoa, basi.

FundiBomba_Ngaramtoni

Basi umeshapata jibu la swali la kwanza.

Mzee_wa_Kikatiti

Mnawatisha watu bure. Sisi tumekunywa maji haya tangu tunazaliwa, meno haya haya ya rangi ndiyo yanatafuna nyama choma mpaka leo. Na ukienda Dar mtu anakuona tu anajua huyu kwao Arusha. Maji yachemsheni, mnywe, mshukuru Mungu.

DaktariMeno_Moshi

Shikamoo mzee. Kuchemsha kunaua vijidudu, hapo uko sahihi. Floraidi lakini haitoki na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki, kwa hiyo ukichemsha sana ndiyo unaizidisha. Na siyo meno peke yake: wanaokunywa maji yenye kiwango kikubwa kwa miaka mingi wapo wanaopata shida ya mifupa na viungo.

Dada, madoa hutokea jino likiwa bado linatengenezwa ndani ya fizi. Kwa meno ya ukubwani hicho ni kipindi cha tangu kuzaliwa hadi kama miaka 8. Kwa hiyo meno ya mbele ya mkubwa yameshapita hatua hiyo, maji safi ya leo hayatayafuta madoa, ila daktari wa meno anaweza kuyapunguza au kuyafunika akikua kidogo. Nguvu zako zielekeze kwa huyu wa mwaka na nusu: maji ya kunywa, ya uji, ya kupikia chakula chake. Ya kuogea na kufulia endeleeni na kisima.

Na tafadhali, mkaa na ndimu acha. Ndimu inalainisha ngozi ya juu ya jino, mkaa unaikwangua. Atabaki na madoa, na ganzi juu yake.

Kijana_Sakina

Nimefuta kauli daktari. Mchele je?

DaktariMeno_Moshi

Huo uliza fundi simu, mimi naishia mdomoni 😀

Shangazi_Akheri

Mwanangu, umeeleza yote ila hujasema mnapika nini. Nyumbani kwako makande yanaiva kwa magadi?

MamaWawili_UsaRiver

Shikamoo shangazi. Ndiyo, mama mkwe anayaleta mwenyewe kutoka sokoni Tengeru. Bila magadi anasema makande hayana adabu.

Shangazi_Akheri

Marahaba. Sasa hapo ndipo penye kazi, kwa sababu magadi haya ya huku nayo yana floraidi, mengine nyingi sana. Unaweza kumnywesha mtoto maji ya Marangu kwa kijiko halafu ukamrudishia kila kitu kwenye kibakuli cha makande. Mimi nilielezwa na wataalamu waliokuja kijijini, nikaacha, ingawa ilichukua muda nyumba nzima kunikubalia.

Loweka maharage na mahindi usiku kucha, mwaga yale maji, pika kwenye jiko la presha. Yanalainika vizuri tu. Usimwambie mama mkwe kwamba magadi yake ni sumu, ataondoka na mabegi. Mwambie daktari amesema tumbo la mtoto bado changa, chakula chake kipikwe pembeni. Kwa mjukuu hatabisha. Na chai nayo usimzoeshe mapema, majani ya chai yana floraidi yake pia.

Dereva_Noah_Himo

Kwenye gari hakuna aliyekujibu. Zulia ukilianika juu juu bila kulitoa unajidanganya, chini yake kuna sponji nene na ndiyo imebeba maji. Fungua boliti za siti za nyuma, toa zulia zima, sponji ikandamize kwa taulo kisha ianike siku yenye jua la kutosha. Chini ya zulia bodi ina vizibo vya mpira, fungua maji yaliyotuama yatoke, halafu virudishe. Angalia na soketi za waya zinazopita chini ya siti kama zimelowa. Kufukiza udi au kutundika kile kimti cha manukato kabla sponji haijakauka ni kupoteza hela.

Na tableti usiiwashe wala kuichaji. Mpelekee fundi aifungue, aisafishe kwa spiriti. Mchele uache upikwe.

Halafu madumu kumi ya lita 20 ni kilo 200. Hao ni watu wazima watatu nyuma ya siti za watoto, na hawajafunga mkanda. Siku ukikanyaga breki ya ghafla hutaongelea soksi.

MamaWawili_UsaRiver

Hilo la mwisho limenikaa. Madumu basi. Sasa kwa maji ya mdogo niende wapi? RO nikiitazama bei na haya madeni ya awamu, siwezi kuipeleka mezani kwa sasa.

Mwl_Kemia_Mstaafu

Zipo njia. Kuna mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unakamata floraidi vizuri. Pale Ngurdoto, jirani yako kabisa, Wizara ya Maji ina kituo kilichofanya utafiti wa jambo hili kwa miaka mingi, nenda kaulize. Usijaribu kuchoma mifupa mwenyewe uani, ikichomwa vibaya maji yanatoka na rangi na harufu, na ukishapata mzuri kumbuka unachoka na kubadilishwa. Tengeru pia, kwenye taasisi ya Nelson Mandela, ndiko alikotoka Dkt. Askwar Hilonga na chujio lake la nano lililopata tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi mwaka 2015.

Lakini kabla ya yote hayo, una bati. Maji ya mvua yana floraidi kidogo mno. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 80 za mraba kwa mvua ya milimita 10 ni lita 800. Toa yanayorukia nje, lita 600 na zaidi unazipata kwa mvua moja ya kawaida. Kwa kunywa na kupikia, lita 20 kwa siku zinatosha. Masika ikiisha Mei mpaka vuli, hesabu siku 150: tanki la lita 3,000. Ikikubana, anza na la 1,000 kwa ajili ya mtoto peke yake.

FundiBomba_Ngaramtoni

Naunga mkono. Na hapo ile mashine yenu inapata kazi inayoiweza. Maji ya mvua yana vumbi la bati na vinyesi vya ndege, pamba na kauri na taa ndiyo mahali pake. Yapitishe humo, ya mtoto uyachemshe pia.

MamaWawili_UsaRiver

Mrejesho wakuu. Kijana wa mashine alikuja kudai awamu, baba watoto mwenyewe akamletea glasi mbili: moja ya bomba, moja ya mashine. Nilikuwa nimemsomea majibu ya mwalimu usiku wake, kumbe yaliingia. Kijana akajikunakuna, akatumbukiza vijiti. Glasi zote mbili zikawa kahawia, ukizibadilisha hujui ipi ni ipi. Akasema filta zimechoka, tuongeze elfu themanini abadilishe. Filta zenyewe hazijamaliza miezi mitatu! Baba watoto akamwambia akae kwanza anywe maji, akampa ile glasi. Wamefikia kwamba awamu zilizobaki zisimame mpaka majibu ya maabara yatoke, sampuli zinapelekwa kesho kutwa.

Mama mkwe kakubali kupika chakula cha mdogo pembeni. Magadi ya sisi wengine ameyahamishia chumbani kwake, nasikia anayafungia.

Baba watoto ameshapima paa na sasa anataka kufunga gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa, mwenyewe Jumamosi, fundi asiitwe. Nimwachie? Na inalalia kiasi gani?

FundiBomba_Ngaramtoni

Mwachie, ila mtu wa kushika ngazi awepo, na asiwe mkubwa wa miaka 9. Kila mita 3 ashushe kama sentimita moja na nusu kuelekea kwenye tanki. Apige kamba kwanza kwenye fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa) kabla ya kutoboa tundu lolote, na vishikio visiachane zaidi ya mita moja, gata ikijaa maji ni nzito. Kwenye bomba la kushuka aweke tii, kiungo cha njia tatu, yenye kizibo chini, mvua ya kwanza ioshe bati na imwagike nje, ndipo afunge maji yaingie tankini. Juu ya tanki wavu wa mbu.

Akikwama kwenye ile tii anipigie picha aweke hapa, nitamwelekeza.