Kichwa kuuma na tumbo kujaa baada ya kubadili chakula

Mkaazi wa Wete: Assalaam aleikum. Tangu niache boflo, mandazi na chai ya rangi, nikashika kunde, mchicha na samaki wa kuchoma, kichwa kinaniuma na tumbo hujaa gesi hadi usiku. Je, mwili unakikataa chakula hiki?

Muuguzi, Unguja: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Haukikatai, unakizoea. Chai ina kafeini, na anayeikata ghafla huanza kuumwa kichwa baada ya saa 12 hadi 24, hali ambayo kwa kawaida hudumu siku 2 hadi 9. Ama gesi, nyuzinyuzi za kunde hazimeng'enywi katika utumbo mdogo, hivyo hufika utumbo mpana ambako bakteria huzichachusha. Roweka kunde usiku kucha, mwaga maji yake kabla ya kupika, anza na upawa mmoja, na unywe maji ya kutosha.

Bibi wa Chake Chake: Mwanangu, jaribu choroko kwanza, mimi naziona nyepesi zaidi tumboni.

Mkaazi wa Wete: Ahsante, bibi. Natumia pia dawa za kisukari, ipo hatari?

Muuguzi, Unguja: Hilo ndilo kubwa kuliko gesi. Ukipunguza wanga huku dozi ikibaki ile ile, baadhi ya dawa zinaweza kuishusha mno sukari ya damu: utatetemeka, jasho litakutoka na moyo utakwenda mbio. Ukiona hivyo, kunywa maji ya sukari mara moja. Usiiache dawa mwenyewe. Kesho asubuhi mwone daktari aipange dozi upya.