Naombeni msaada: kujaza maombi ya kazi Ajira Portal (mtandao wa ajira za serikali Tanzania), duka la familia naandika kama uzoefu?

binti_wa_ugavi
Habari za jioni wakuu. Nina digrii ya ununuzi na ugavi, kuna tangazo la Afisa Ugavi Daraja la II limetoka na nataka niombe kwa umakini. Sijawahi kuajiriwa rasmi ila tangu nimalize chuo niko kwa baba mdogo hapa Makambako, anauza vifaa vya ujenzi, mimi ndo naagiza mzigo, napokea, nahesabu stoo kila mwisho wa mwezi, sasa hiyo naandika au wataona ni duka tu la mtaani? Afu jina langu la kati kwenye cheti cha fomu foo ni herufi moja, kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA liko zima. Na barua, rafiki yangu kanitumia ya kwake watsap anasema nibadilishe jina tu nitume. Mwisho wa kutuma ni wiki ijayo.

Mzee wa Masijala
Binti barua ya rafiki yako iache hukohuko watsap. Nimefanya kazi ofisi za utawala muda mrefu, barua za kukopi tulikuwa tunazijua kabla hata ya kumaliza aya ya kwanza, unakuta mtu anaomba udereva na barua inasema ana ari ya kufunga mahesabu. Andika ya kwako, ukurasa mmoja unatosha. Kama tangazo halijaelekeza vingine inaenda kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Kwenye YAH taja cheo kama kilivyo kwenye tangazo, neno kwa neno, na usaini kwa mkono ndo uskani, maana wanataka barua iliyosainiwa.

Duka andika tena bila aibu. Fungua tangazo usome majukumu ya kazi, moja moja, ujiulize lipi unalifanya hapo dukani. Kama wameandika kupokea na kukagua vifaa, si ndo unachofanya mzigo ukishushwa? Basi usiandike "nasaidia dukani" ukaishia hapo, andika unakagua mzigo kwa kulinganisha na ankara, unatunza leja, unahesabu stoo kila mwezi na kutoa taarifa ya kilichopungua, weka na mwezi na mwaka ulioanza. Ila cheo usijikweze, kujiita Meneja Ununuzi wa duka la watu wawili msaili atakuuliza maswali ya meneja na utakwama. Msimamizi wa stoo ni cheo cha heshima kabisa. Na yale matangazo yanasema wazi anayetoa taarifa za uongo anachukuliwa hatua za kisheria.

Wakili Mtaani
Hapo kwenye jina usipachukulie poa dada. Siku ya usaili wanalinganisha vyeti na kitambulisho na kuna watu wanarudishwa mlangoni huku wamejiandaa vizuri tu. Majina yakitofautiana kwenye nyaraka wanataka didi poli, yaani hati ya kisheria ya jina, iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, sio kiapo cha mahakamani peke yake kama wengi wanavyodhani. Kwako ni kifupisho tu, sio jina jingine, lakini nenda kwa wakili na vyeti vyote mkononi aviangalie mapema. Hapohapo akugongee muhuri cheti cha kuzaliwa. Halafu ambatisha vyeti halisi vya fomu foo na fomu siksi, zile karatasi za matokeo hazikubaliki hata kama ziko safi namna gani.

mpambanaji_dom
Naongezea, umesajiliwa PSPTB, ile bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi? Kada yako mara nyingi tangazo linataka usajili wa bodi na bila hiyo hata barua nzuri haikusaidii, kwa hiyo angalia hilo kabla ya yote. Skani kila cheti kikiwa kimenyooka na kinasomeka, sio picha ya simu yenye kivuli cha mkono, yule anayepitia anapitia mamia na hana muda wa kukisia gredi yako. Barua pepe iwe ya majina yako, na namba ya simu iwe ile iliyo hewani. Usisubiri siku ya mwisho, mtandao unakuwa mzito balaa.

msee_wa_Nakuru
Hapa Kenya nako ni hivyohivyo, na kazi za serikali wanakuitisha mpaka vyeti vya KRA (kodi), HELB (mikopo ya wanafunzi), EACC (maadili na ufisadi), cha polisi kutoka DCI na ripoti ya CRB (historia ya mikopo), ukingoja mpaka uitwe ndio uanze kutafuta utasumbuka sana. Kile ningekuambia ni umpe mtu mwingine akusomee fomu kabla ya kutuma, macho yako yamezoea hayaoni tena kosa la tarehe.

binti_wa_ugavi
Jamani asanteni sana, PSPTB nimesajiliwa tayari. Swali la mwisho, wadhamini wanataka watatu, baba mdogo naweza kumuweka?

Mzee wa Masijala
Ndugu wa damu hapana, neno lake halitakuwa na uzito. Weka mwalimu aliyekusimamia ripoti chuoni, weka bosi wa pale ulipofanya fildi, na wa tatu tafuta msambazaji mkubwa unayeagiza kwake mzigo, huyo amekuona ukifanya kazi na mnaongea biashara kila wiki. Ila wapigie kwanza uwaombe ruhusa na uwaambie unaomba nafasi gani, maana wakipigiwa simu ghafla wakaanza kuuliza "nani huyo?" umeumia. Baba mdogo mwambie akuandikie barua ya utambulisho wa kazi yenye muhuri wa duka, tarehe zake zifanane na ulizoweka kwenye sivii.