Kwa nini hata msomi hunaswa na "ile hela itume kwenye namba hii"?

Mhasibu wa Moro:
Ndugu wanajukwaa, ninafanya kazi katika chama cha akiba na mikopo mjini Morogoro. Hivi karibuni mwanachama wetu mmoja, mwalimu wa sekondari ambaye huwaonya wenzake kuhusu matapeli, alituma kodi ya nyumba kwa mtu asiyemjua baada ya kupokea ujumbe usemao: "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la mke wangu." Bodi inataka tuandae semina. Nina shaka, kwa sababu elimu anayo. Wataalamu wa tabia za watu wanalionaje jambo hili?

Bi. Sosholojia:
Utaona kwamba ujumbe huo hautaji kiasi, sababu wala mhusika, kwani yote hayo huyajaza mpokeaji mwenyewe. Tapeli huusambaza kwa kubahatisha, naye anajua kuwa mwisho wa mwezi hakosekani mtu anayedaiwa kodi, ada au mchango wa harusi, ambaye ataupokea kama mwendelezo wa mazungumzo aliyokwisha kuyaanza na mtu halisi. Isitoshe, kumpigia baba mwenye nyumba ili kuhakikisha kama kweli ni yeye huonekana kama kumshuku mtu mzima, na wengi wetu tumelelewa tusifanye hivyo. Hayo maneno "jina litakuja la mke wangu" ndiyo yenye ujanja mkubwa zaidi: jina geni linalotokea kabla ya kuthibitisha muamala, ambalo lingepaswa kumshtua, sasa linamtuliza.

Fundi Mtandao:
Naongezea alipoishia Bi. Sosholojia. Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alieleza kwamba barua pepe za utapeli zenye hadithi zisizoaminika huwachuja wenye shaka mapema, ili tapeli asipoteze muda kwa watu ambao hatimaye hawatalipa. Utapeli wa huku hauhitaji chujio hilo, kwa kuwa hakuna majadiliano marefu: hela ikishatumwa, kazi imekwisha.

Kuhusu semina, naafiki shaka yako. Tangu mwaka 1999 watafiti Anne Adams na Angela Sasse walionyesha kwamba wafanyakazi wengi hukiuka kanuni za nywila (maneno ya siri ya kuingilia kwenye kompyuta) kwa sababu kanuni zenyewe haziendani na kazi zao, si kwa uzembe tu. Basi nauliza: je, chama chenu huwatumia wanachama namba mpya za malipo kwa ujumbe mfupi? Kama ndivyo, nyinyi wenyewe mnawazoesha kutii ujumbe wa aina ileile. Wekeni namba moja, ichapwe kwenye kitabu cha mwanachama, na badiliko lolote litangazwe mkutanoni.

Mzee wa Ushirika:
Mimi ningeanza na aibu. Aliyetapeliwa akichekwa kikaoni, wa pili hatasema, na hela huwa imekwisha kutolewa kwa wakala kabla mtandao wa simu haujaombwa kuizuia. Mwalimu huyo asitajwe jina kabisa. Wanachama waelekezwe kupeleka ujumbe wa namna hiyo kwenye namba 15040 ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hata kama hawakutuma chochote, na bodi imteue mtu mmoja, mpole, wa kupokea taarifa hizo kwa faragha.